Nilivyomfasiria Shangazi Neno Pamanenti

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Kutoka chumbani kwangu Mtendeni kwenda Ipuli tu, mtaa wa mji uleule, kwangu ilikuwa safari ya kufungasha chakula. Kwa hiyo nilinung'unika sana shangazi yangu, mjane aliyeishi peke yake njia ya Nzega, aliponiita niende naye mkutanoni kijijini kwao. Watu walikuwa wanahamishiwa kijiji cha ujamaa, naye alitaka kujua jambo moja: abomoe nyumba yake ahame na boriti, au aiache kwanza, huko akajibanze kibandani?

Afisa alikuja na suti ya Kaunda iliyopigwa pasi hata vumbi likaiogopa. Kusema kijiji kitadumu aliona ni maneno ya washamba. Kijiji ni pamanenti, alisema. Kisima pamanenti, zahanati pamanenti. Kisima chenyewe hakijachimbwa.

Shangazi akanigeukia. "Wewe baba umesomeshwa. Neno hilo maana yake nini?"

Fomu Foo yangu ikanipanda kichwani. Nikaeleza kama niliye mbele ya mkaguzi wa elimu: karani wa pamanenti haachishwi ovyo mpaka pensheni, anuani ya pamanenti ndiyo barua zitakukuta hata ukizeeka.

"Kwa hiyo nibomoe?"

"Bomoa, shangazi."

Akabomoa. Boriti alizokata marehemu mumewe zikapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akajenga upya, kuta nene, maana mtaalamu kasema. Masika yalipofika, maji yakasimama sebuleni mpaka magotini. Akaja afisa mwingine, suti ni ileile kwa macho yangu, akaamuru vigingi vya viwanja ving'olewe vikapigwe ng'ambo ya barabara. Huko sasa ndiko pamanenti. Yule wa kwanza, tukaambiwa, kahamishiwa wilaya nyingine.

Nilikwenda kumpa pole, nimeandaa na maelezo marefu kuhusu upungufu wa wataalamu nchini. Nilimkuta juu ya paa anafungua kamba za boriti. Hakunilaumu, angenilaumu ningepata la kujitetea.

"Chumba chako cha Mtendeni," akauliza kutoka huko juu, "nacho ni pamanenti?"

Nikasema hapana, ni cha kupanga tu, mwezi kwa mwezi.

"Afadhali."

Wiki ileile akafika kwangu na boriti zake zote. Zilikuwa ndefu kuliko chumba, ncha zikatokea dirishani, na majirani wakawa wananiuliza najenga nini.