Baba amelingana umri na yule Mreno

Leo nimemfuata baba yangu kama polisi. Na mwenye makosa ni mimi.

Wiki nzima anapeleka majani kituo cha chai, halafu anarudi amechelewa, ananukia sabuni. Nani huoga njiani?

Mimi si mtu wa kuongea. Lakini jana nilimwambia mama polepole, "Nafikiri baba ana mtu."

Mama alikata tu kabichi, kwa nguvu.

Basi leo nikajificha kwenye michai karibu na kituo.

Woi! Baba na wazee wenzake, na gambuti zao za shambani miguuni, wanacheza mpira! Sabuni yetu iko pale kwenye nyasi.

Baba akafunga. Akakimbia, akaruka, akageuka hewani kama yule Mreno mwenye rekodi ya mabao.

Akatua kwa goti.

Nikatoka mbio kumwinua.

"Yule Mreno tumelingana umri," baba akasema akiugulia goti, "na bado anafunga! Usiambie mama yako, atanicheka."

Sasa tunachechemea kuelekea nyumbani. Mama amesimama kwa geti na mwiko.

Nisaidieni haraka: nianze kumweleza goti la baba ama mdomo wangu wa jana?