Nywele Chini ya Figa

Juzi mjukuu wangu hapa mjini Igogo alikuwa akimngojea mtoto wa mbwa mwenye manyoya ya kusokota, aliyeahidiwa na jirani yetu Mhindi. Alimtandikia blanketi, akamnunulia bakuli na sabuni yake mwenyewe, maana maduka siku hizi yamejaa vitu vya nje. Nilimwambia mbwa si bwana harusi. Halafu nikamkumbuka mbwa wetu wa utotoni, kule kijijini Misungwi.

Sisi, alipoletwa angali mdogo, tulimwekea kigae cha maji na majivu ya kulalia, basi. Mama alimkata manyoya ya mkiani, akayafukia chini ya figa. Jiko lilinuka moshi na maziwa yaliyoungua.

"Sasa hatatoroka kurudi kwa mama yake," alisema.

Niliamini kila neno. Dada yangu Kabula alikuwa anaolewa wiki hiyo, na ng'ombe wa mahari walikuwa wakilia zizini. Alipojilaza mchana, nilimkata nywele kwa kisu. Akashtuka.

"Wee! Unataka kuniroga?"

"Nataka kuzifukia, usiondoke."

Nilisubiri kofi. Badala yake alikichukua kile kisu, akanikata nywele za utosini na kuzifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Hizi nitazifukia jikoni kwangu," alisema. "Tuone nani atamvuta mwenzake."

Akaolewa, akaondoka. Leo najua mbwa hukaa penye ugali, manyoya hayamzuii. Lakini mavuno yalipokwisha, baba alinipeleka nikakae kwa dada, na nilikaa huko mpaka nikaolewa.