Mwenyekiti wa Wahitimu Ambaye Hakuhitimu

Habari za kazi, Admin. Tafadhali ficha jina langu, maana watu wangu wengi wanafuatilia ukurasa huu.

Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, naishi Chemchem, Tabora mjini, nauza asali. Nikiwa mwaka wa mwisho chuo nilipata sapu ya somo moja. Wiki ya kurudia mtihani mama akazidiwa kule Lusu, nikakimbilia kumuuguza bila kuomba ruhusa. Niliporudi mtihani ulishapita. Nikadisko, yaani nikaondolewa chuo. Siku wenzangu wanavaa majoho, mimi nilikuwa namfulia mama mashuka.

Alipopata nafuu aliniuliza, "Mwanangu, shule umemaliza?"

Nikamjibu, "Nimemaliza, mama." Niliogopa kumpandisha presha.

Baadaye wenzangu waliopangiwa kazi huku wakaanzisha kundi la wahitimu, wakaniingiza. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikajituma kuliko wote. Mgeni wa chuo akishuka stesheni nampokea mimi, mwenzetu akifiwa Igalula natangulia mimi, kidato cha sita wakitaka kuelezwa habari za chuo chetu naenda mimi. Wakanichagua mwenyekiti. Na kusema kweli, kile chuo nakipenda.

Mwezi uliopita chuo kikasema kitanipa cheti cha heshima kwenye mkutano wa wahitimu hapa Tabora. Dada wa ofisini kwao akanipigia. "Dada, jina lako silioni kwenye orodha. Ulihitimu mwaka gani?"

Nikashindwa kudanganya tena. Nikamweleza yote huku nalia. Akasema, "Wewe njoo tu. Nitasema faili lako halionekani. Umekifanyia chuo mengi kuliko wenye vyeti."

Mume wangu, ndiye pekee aliyekuwa anajua, anasema, "Waambie unaumwa, yaishe."

Lakini mama ameshashona gauni. Jana nilimpigia, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Mahafali yako niliyakosa kwa ugonjwa, safari hii lazima nikushangilie." Nikakata simu, nikakaa chini.

Jamani, nimechoka. Miaka yote hii napima kila neno kabla sijafungua mdomo. Sitapokea kile cheti, hilo nimeshaamua. Ila nikisema ukweli, mama atajua ni ugonjwa wake ulionitoa chuoni, na moyo wake siuamini. Wenzangu nao watajiona wajinga.

Mkutano ni Jumamosi ijayo. Ninyi mliowahi kubeba uongo wa namna hii, naombeni mawazo yenu: nianze kumwambia mama, au wenzangu? Na kwa mama, naanzaje?