Tuta la Magugu

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa mkunga. Mumewe alikuwa fundi rangi. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ukuta wa matofali uliofika kifuani, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona nikiwa naanika nguo.

Baada ya kustaafu walijikatia bustani nyuma ya jiko. Mama mkubwa alichukua upande wa jua: mchicha, nyanya, karoti, bilinganya. Baba mkubwa alichukua upande wa ukutani akapanda maua. Alisema miaka thelathini amepaka kuta za watu rangi walizochagua wenyewe, sasa ni zamu ya rangi zake. Mkewe alimtania kwamba waridi halijazi sufuria. Yeye alijibu kwamba hajawahi kumwona mtu akisimama njiani kunusa bilinganya. Utani huo niliusikia kila msimu, na hawakuuchoka.

Mambo yalianza mvua kubwa zilipokuwa zinaanza. Asubuhi moja mama mkubwa aling'oa tuta zima la mchicha wenye majani mawili mawili, akaurundika pembeni, akanawa mikono, akasema leo amepiga vita magugu mpaka basi. Baba mkubwa alidhani ni mzaha. Wiki iliyofuata zikang'oka karoti. Halafu akaanza kumwita mumewe "fundi", na kumuuliza kwa adabu atamaliza kazi lini, maana mwenye nyumba akirudi hatapenda kukuta wageni bustanini.

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na hauna dawa. Mwanamke huyu alikuwa amewapokea kwa mikono yake nusu ya watoto wa mtaa wetu, na alikumbuka kila mmoja alizaliwa na kilo ngapi. Kilo hizo ndizo zilizokuwa za mwisho kumtoka.

Baridi ilipoingia, aling'oa mche wa waridi ambao baba mkubwa alikuwa ameulea miaka miwili. Sijawahi kumsikia mzee yule akipaza sauti ila siku ile.

"Mikono yako imekuwa midomo ya mbuzi sasa?"

Mama mkubwa aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha mtu mwingine. Akaingia ndani, akaketi kitandani na kuikalia. Chakula cha mchana kilipoa mbele yake. Baba mkubwa alimbembeleza, akaapa kwamba hakumaanisha, lakini mikono haikutoka. Jioni ilibidi amlishe kwa kijiko. Mama mkubwa alikuwa ameshasahau kosa lenyewe, akawa anakumbuka tu kwamba mikono yake haitakiwi.

Kesho yake niliona ajabu. Baba mkubwa alikuwa amelima tuta jipya nyuma ya tangi la maji, na alikuwa anapanda magugu. Aliyachimbua kando ya barabara pamoja na udongo wake, akayapanga kwa mistari, akayamwagilia. Nilimuuliza kama ni mzima.

"Hii mikono imefanya kazi maisha yake yote," alisema. "Siwezi kuiacha ikaliwe."

Mchana alimshika mkewe mkono, akamleta mpaka pale, akamwomba amsaidie kupalilia kwa kuwa mgongo unamuuma. Mama mkubwa alisimama kitambo. Kisha akainama, akang'oa gugu la kwanza, akakung'uta udongo, akalitupa nyuma yake. Alimaliza tuta zima huku akilalamika jinsi watu siku hizi wanavyoacha bustani zikafanana na pori.

Tangu hapo kila asubuhi mume alipanda, na kila mchana mke aling'oa. Mvua fupi zikaja zikaenda. Kiangazi, nyasi zilipokauka kila mahali, mzee alikwenda na ndoo mpaka kwenye mtaro wa shule kutafuta magugu mabichi. Majirani walisema ugonjwa umekuwa wa wawili. Maua yake yakafa kwa kiu, maana maji yote aliyoweza kubeba yalikwenda kwenye tuta lile.

Mvua kubwa ziliporudi, mama mkubwa hakuweza tena kusimama. Siku moja nilikuwa nabadilisha shuka, baba mkubwa akimpangusa uso. Alimgusa shavu mumewe kwa vidole.

"Mume wangu amekula?"

"Amekula," alisema baba mkubwa.

"Mwambie apumzike. Anafanya kazi sana yule."

"Nitamwambia."

Alifariki siku nne baadaye, saa sita mchana.

Watu walijaa. Akina mama aliowazalisha walikuja mapema, wakagawana kazi bila kuambiwa. Baadhi yao waliona aibu wageni wakute uchafu, wakaingia bustanini wakang'oa kila gugu nyuma ya tangi, wakafagia. Mzee alipotoka alikuta udongo mtupu. Mmoja wao alimwambia asijali, wamemsafishia. Nilitaka kusema neno, mzee akanitikisia kichwa ninyamaze. Aliwashukuru mmoja mmoja, akarudi chumbani, akafunga mlango.

Binti yao alitaka kumchukua mzee akaishi naye. Alikataa, na hakutoa sababu. Hajapanda kitu tangu siku ile. Upande wa jua sasa nalima mimi. Mchicha ukikomaa humpelekea, anakula, ananiambia nimeupanda kwa kusongamana mno. Kuna siku anatoka na kigoda chake, ananielekeza namna ya kupunguza miche. Kuna siku namwita nikiwa hapo ukutani na haitiki, nami humwacha.