Gramu Hamsini za Unga wa Dizeli

Kaka yangu aliacha shule darasa la tano akachunge ng'ombe Kishapu, ili mimi nisome. Sasa mimi ni mwalimu wa kemia, yeye ni mchimba dhahabu Masumbwe, na miaka yote hiyo aliniomba kitu kimoja tu.

Ilikuwa masika. Dizeli ya pampu inayotoa maji kwenye duara lao, yaani lile shimo la dhahabu, ilikuwa imeanza kufanya utando. Akanunua unga wa kuuondoa, akanipigia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mwalimu wetu. Hapa wameandika miligramu mia mbili hamsini kwa lita. Mimi nina pipa la lita mia mbili. Niweke kiasi gani?"

Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nikazidisha, nikagawanya kwa elfu: gramu hamsini. Nikamwambia, nikajiona mtu wa maana kweli, wala sikuuliza atapimia nini.

Alipimia mizani ya mnunuzi wa dhahabu. Kila mchimbaji anajua mizani zile zinaiba: unaweka nyingi, zinasoma kidogo. Wamezoea kuongeza juu ndipo wapate haki yao. Basi iliposoma hamsini, kwa mazoea yale yale kaka akaongeza konzi moja ya kufidia, wakati alitakiwa apunguze, maana unga ulishazidi hamsini. Unga uliozidi haukuyeyuka. Uliziba chujio, ukaziba na nozeli, pampu ikazima. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, kuta za duara zikaporomoka. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu ndani, lakini kazi yao ya miaka minne ilifukiwa pale pale.

Jumamosi nilikwenda. Kaka akanisimulia yote, hata ile konzi. Nikaiazima mizani ile ile, nikaweka juu yake pakiti ya majani ya chai ya gramu hamsini. Ikasoma arobaini na moja. Nilitamani ardhi inimeze. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza siwaruhusu kupima hata chumvi kabla ya kuikagua mizani. Kaka yangu, siku ile ya simu, sikumwambia neno.

Mchana wenzake watatu wa duara walifika nyumbani. Hawakukaa. Mkubwa wao akauliza hesabu ile aliipiga nani, huku akinitazama.

"Mwalimu alisema sawasawa," kaka akawahi kujibu. "Mimi ndiye sikusoma. Nimeharibu mwenyewe."

Pakiti ya chai ilikuwa bado mkononi mwangu. Ningeweza kuwaonyesha, nikawaambia kwamba kukagua mizani ni jambo la kwanza kabisa katika kazi yangu, na kwamba sikumkumbusha kwa sababu nilikuwa na haraka. Niliona aibu, nikanyamaza.

Wakamwambia maneno mazito mbele ya mkewe na watoto wake, kwamba mjinga hakabidhiwi mashine. Yeye alitazama chini tu. Walipomaliza, yule mkubwa akanigeukia, akaniomba radhi kwa kunishuku. Nikamwambia nimemsamehe.