Nilitia Sahihi Somo Ambalo Sikumfundisha Mkwe Wangu

Nimekosa mimi. Mkitaka kunitukana nitukaneni, nimejitukana mwenyewe vya kutosha. Mkwe wangu hana mguu kwa ajili yangu, na juu ya hayo ni yeye anayeitwa mzembe.

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha pikipiki hapa Kilifi. Mradi mmoja wa kilimo ulileta pikipiki mpya kwa mabwana shamba wanaozunguka vijijini, na sharti likawa hapewi mtu ufunguo mpaka amalize wiki mbili kwenye kiwanja chetu cha Kibarani na mwalimu atie sahihi kwenye fomu yake. Tulikuwa walimu wawili, mimi na Mkamba mmoja, nitamwita Musyoka.

Mimi nilikuwa mkali, na ukali wangu ulijulikana mpaka Malindi. Mwanafunzi akikosea namfokea mbele ya wenzake. "Wee! Hiyo ni klachi au titi la mbuzi?" Wengine walinichukia, lakini walirudi kwa wake zao wakiwa wazima.

Somo gumu kuliko yote lilikuwa kusimama mchangani. Mtu aliyezoea baiskeli akishtuka hubana vidole, na kwenye pikipiki vidole vya mkono wa kulia ndivyo vyenye breki ya mbele. Ukiibana hiyo mchangani, tairi la mbele linakwama na wewe unarushwa.

Hili halifundishiki kwa mdomo. Mwalimu hupanda nyuma ya mwanafunzi, kifua kwa mgongo, mapaja kwa mapaja, akamzungushia mikono na kuweka viganja vyake juu ya vya mwanafunzi. Mnaingia mchangani hivyo hivyo. Vidole vyake vikitaka kubana unavizuia, mpaka vizoee kutulia na mguu ndio ufunge breki ya nyuma. Mnarudia mara kumi, mara ishirini, mpaka nyote mnuke jasho la mwenzenu.

Sasa siku moja akaletwa nani? Baba mzazi wa mke wangu!

Alikuwa bwana shamba wa siku nyingi, mtu wa Mnarani, kila asubuhi anavuka kwa feri na baiskeli yake. Safari hii alikuwa amepangiwa Ganze, na Ganze na baiskeli haviendani, kwa umbali ule na jua lile.

"Shikamoo baba," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Leo wewe mwalimu, mimi mtoto wa shule!"

Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutokwa na jasho.

Mnaijua adabu ya kwetu. Mkwe hukai naye mkeka mmoja. Huyu ni mtu ambaye nikikutana naye njiani nashuka kwenye pikipiki kwanza, ndipo namwamkia. Leo nimpande mgongoni, nimkumbatie mbele za watu? Nimfokee kama ninavyowafokea wengine? Haki ya Mungu, ulimi ulikuwa mzito kinywani. Akikosea nasema, "Polepole baba." Akikosea tena nasema, "Hapo si vibaya baba." Si vibaya! Ilikuwa vibaya sana, na mimi nilikuwa naona.

Kila akishtuka alikuwa anabana vidole. Miaka ishirini ya baiskeli ilikuwa imo mkononi mwake.

Ilipofika zamu ya mchanga, Musyoka akaniita kando. "Huyo mzee niachie mimi. Mimi si mkwe wake, nitampanda na nitamfokea."

Jamani, kwa nini sikusema ndiyo? Nimejiuliza swali hili mpaka nimechoka. Ukweli ni kwamba mzee alikuwa ametangaza Mnarani nzima kuwa anafundishwa na mume wa binti yake, na mimi nilikuwa nalisikia hilo linavyosemwa na kulifurahia. Nikimpeleka kwa Musyoka watu watasema nimeshindwa. Tena sikutaka Mkamba yule amtukane baba mkwe wangu nikiwa nimesimama pale nikitazama.

"Mwache, nitamalizana naye mwenyewe," nikasema.

Nikammalizia kwa maneno. Nilisimama pembeni, hatua kumi hivi, nikamweleza mambo ya vidole na mguu kwa lugha ya adabu, naye akaitikia, "Nimekuelewa mwanangu, nimekuelewa." Akapita mchangani mara mbili, polepole, bila kitu cha kumshtua. Nikachukua fomu, kwenye mstari wa somo lile nikatia sahihi. Jina langu lote, kwa mwandiko mzuri!

Hakumaliza mwezi.

Njia ya Ganze, penye mchanga mwingi, wanawake waliobeba makaa walitokea vichakani wakavuka barabara. Mzee akashtuka. Vidole vikabana. Wanawake walisalimika, yeye akarushwa na pikipiki ikamwangukia gotini, injini ya moto juu ya nyama. Alikaa pale mpaka lilipopita lori la makaa likamchukua. Hospitalini walijitahidi siku nne, ya tano wakaukata mguu juu ya goti.

Lakini kosa langu kubwa hata si hilo. Ngojeni.

Ofisi ilitaka kujua ilikuwaje. Bosi akaniita, fomu iko mezani mbele yake. Musyoka alikuwa ameshahamishiwa Malindi, kwa hiyo hakuulizwa mwalimu mwingine.

"Hii sahihi yako?"

"Ndiyo bwana."

"Somo hili ulimfundisha?"

Mke wangu alikuwa mjamzito. Nikaiona kazi inaondoka, nikajiona nimesimama pale feri nikitafuta vibarua. Nikasema, "Nilimfundisha bwana."

Basi! Maneno mawili tu. Bosi akafunga faili. Kama alifundishwa, kosa ni lake. Mzee aliyefanya kazi miaka yote ile bila barua hata moja ya onyo akaachishwa kwa uzembe, na barua yenyewe akapelekewa kitandani.

Alipotoka hospitali nilivuka kwenda Mnarani nikiwa nimeazimia kusema yote. Nilimkuta kwenye kiti uani. Nikamwamkia, akaitikia. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Yule bwana wa ofisini alikuja hospitali kuniuliza kama nilifundishwa ule mchanga. Nikamwambia nilifundishwa."

"Baba, lakini wewe unajua..."

"Nyamaza. Binti yangu yuko nyumbani kwako. Ukifukuzwa wewe, yeye atakula nini?"

Nami nikanyamaza. Na mjue ubaya wangu ulivyo: nilifurahi! Machozi yananitoka na moyoni nafurahi kwamba imekwisha. Nikanywa chai ya mkewe, nikaaga, nikapanda feri kurudi kazini.

Haijaisha. Huu mwaka wa tatu. Mashemeji zangu wakisema mimi sikumfundisha baba yao vizuri, mke wangu huwajia juu. "Mume wangu alifanya kazi yake! Ni baba mwenyewe alikuwa na haraka." Ananitetea kwa kumsingizia baba yake, na mimi nimekaa pale pale natafuna ugali. Watoto wa Mnarani wanaiga mwendo wa magongo yake. Watu wakitaka kumkanya kijana anayekimbiza baiskeli wanamtaja yeye. Yeye husikia, hucheka, huwaitikia. Mimi siku hizi nikimpanda mwanafunzi nyuma kwa ajili ya somo lile, mikono yangu ndiyo inayotetemeka, wanadhani ni ulevi. Pombe sijaionja maishani!

Nyinyi walimu wenzangu, wa pikipiki, wa lori, wa kitu chochote kinachoweza kuua mtu, nawasihi. Akija mkweo, akija mjomba wako, mpe mwenzako amfundishe. Ukikosa mwenzako, mfokee, mpande mgongoni, muaibike wote wawili hapo kiwanjani. Aibu ile ingekwisha jioni ile ile. Na kama hukumfundisha mtu, kalamu iweke chini, hata akiwa nani.

Sikuandika jina langu, mhariri ameniruhusu. Lakini yupo mmoja asiyehitaji jina. Mke wangu, wewe ndiye unayemsomea baba yako ukurasa huu kila Jumamosi tangu macho yake yapunguke nguvu. Najua umeshanitambua na umenyamaza, na yeye anakuuliza mbona umeacha kusoma. Endelea. Msomee kwa sauti mpaka hapa, kisha muulize kama nimesema uongo.