Mdomo Ulionyooshwa na Fundi Timazi

Mtaani walimwita Fundi Timazi kwa sababu hakuwahi kuuza kitu kilichopinda. Mlango ukigoma kufunga aliinama, akafumba jicho moja, akasema, "Hapa pamekula upande," na kabla hujamaliza kulalamika randa ilikuwa imeshapita. Ukimletea maneno ya kushusha bei alikuonyesha kona za kabati, akakuuliza kama umewahi kuona nyingine za namna ile. Hujawahi. Uliita mtu wa kukusaidia kubeba.

Mkewe aliuza vitambaa sokoni, na kwa maneno alimwacha mumewe mbali sana. Aliyekuja kuuliza tu aliondoka na furushi kwapani, tena akishukuru. Mdomo ule ndio uliokuwa duka. Vitambaa vilikuwa mapambo. Halafu kiharusi kikampiga. Mguu ukarudi, mkono ukarudi, lakini mdomo ukabaki umevutwa upande mmoja, kama pazia lililong'oka ndoano. Akakigeuza kioo cha chumbani kikatazama ukuta. Akajifunika mtandio hadi puani, kibanda akamwachia dada yake. Picha za simu hakutaka hata kuzisikia.

Fundi akabaki mikono mitupu. Kitu kimepinda ndani ya nyumba yake mwenyewe, na sandukuni hamna chombo cha kukigusa. Jioni aliketi na mkewe akimtazama akifanya mazoezi ya hospitali, mtandio kando, akipuliza mashavu. Mikono ya fundi isiyojua kukaa bure ikaanza kumchora nyuma ya karatasi za msasa. Jirani yake, mchora mabango waliyemwita Brashi, alipoziona aliangua kicheko.

"Shemeji amekuwa kabati? Pua unaipigia rula!"

"Sasa nifanyeje?"

"Tupa rula. Chora unachokiona, achana na unachokijua. Penseli kwanza, taratibu. Ukiridhika pitisha wino, ukikauka futa penseli. Na uwe macho, fundi, wino hauna randa."

Akakomaa nayo. Alifuta mpaka karatasi zikatoboka. Masikio yalimtesa, macho yakamtoa jasho, lakini siku zikaenda na sura ikaanza kuja: makunyanzi, kovu dogo la nyusi, hata ile namna yake ya kukutazama kama anayekupima mfuko.

Asubuhi moja mkewe alimpelekea chai karakanani, akaikuta picha juu ya meza ya kazi. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe. Jana, ukipuliza."

"Kama nilivyo?"

"Kama ulivyo," alijibu fundi, kifua mbele, maana kila mstari aliuona kwa macho yake.

Mkewe akakaa juu ya rundo la mbao. Akacheka, chozi likamtoka. "Umenyooka! Mazoezi yamenyoosha mdomo wangu, baba, na wewe hukuniambia!"

Fundi akaichukua picha. Ni kweli. Mdomo ulikuwa sawasawa, ungeuwekea pimamaji isingeyumba. Kwingine kote alikuwa ametii macho. Alipofika pale, mkono ulifanya kazi yake ya miaka yote, ukanyoosha, bila hata kumuuliza mwenyewe.

Akakiinua kifutio.

"Mke wangu, hii ni penseli tu..."

"Basi itie wino. Hapa hapa, nikikuona. Maneno ya penseli, ya kufutika, kila mfanyabiashara anayajua."

Brashi alichungulia mlangoni. Akaitazama picha, akamtazama shemeji yake, akakumbuka ana kazi kwingine. Fundi akaanza na nywele, akazunguka masikio, kwenye kovu la nyusi akakawia kama anayechonga nakshi. Mdomo aliuacha mwisho. Mkewe ameinama mbele, mtandio umeangukia mabegani, hapumui. Fundi akapitisha wino. Mstari ukanyooka.

Kesho yake mama huyo alitoka kwenda sokoni, uso wazi. Mumewe akamfuata kwa nyuma na ubao begani, ubao usiokwenda kwa mteja yeyote, akasimama kwenye kona ya soko. Mkewe akamwita mteja wa kwanza.

"Njoo, dada, hiki kitambaa kilikuwa kinakungoja wewe!"

Maneno yalitoka yakimwagika pembeni. Mteja akautazama mdomo, halafu akatazama chini.

"Pole, mama. Nifungie tu."

"Hujaniuliza bei."

"Haina neno, mama. Yoyote utakayosema."

Mwenye kibanda akasimama na kitambaa mkononi. Tangu aanze kuuza, hakuna mtu aliyewahi kumwachia bei. Taratibu akainua vidole, akaupapasa mdomo wake kutoka kona hadi kona, kama kipofu anavyotafuta kitasa. Kisha akainua macho, akamwona mumewe pale na ubao wake. Alimfungia mteja mzigo, akajivuta mtandio hadi puani.

Jioni aliweka kiti chini ya dirisha, akauvua mtandio, akakaa.

"Chora."

"Nitafute penseli..."

"Penseli iache. Leta wino. Na uanze na mdomo."

Fundi Timazi akachovya kalamu, akaishika juu ya karatasi. Akaishika tu, hadi tone likadondoka lenyewe, pale mdomo ulipotakiwa kuanzia.